Titi linauma: namna ya kusoma maumivu yake na wakati wa kwenda kwa daktari

Katika kikoba chetu cha akina mama, mwenzetu mmoja alikaa wiki tatu bila usingizi wa maana kwa sababu titi la kushoto lilikuwa linamchoma. Kichwani alishaanza kugawa vitenge vyake. Alipokwenda hospitali, daktari alimbonyeza mbavu na misuli ya kifua, akamuuliza amekuwa akifanya kazi gani siku hizi. Alikuwa ametoka kupiga matuta ya viazi, robo tatu ya ekari, kwa jembe la mkono. Maumivu yalikuwa ya misuli.

Mwingine, kwenye kikoba hicho hicho, alikuwa na kitu mfano wa punje ya kunde kwenye ziwa lake la kulia kwa karibu mwaka mzima. Hakumwambia mtu. Siku tuliyomuuliza kwa nini alinyamaza, alijibu neno moja tu: "Haliumi."

Mwongozo huu nimeuandika kwa sababu ya wanawake hao wawili. Tumezoea kuyaogopa maumivu na kukaa kwa amani na uvimbe usiouma, wakati mara nyingi mambo yapo kinyume. Saratani ya matiti katika hatua zake za mwanzo kwa kawaida haiumi. Maumivu peke yake, bila uvimbe, bila mabadiliko ya ngozi wala chuchu, ni nadra sana kuwa saratani. Nimesema nadra, sikusema haiwezekani, ndiyo maana kuna hatua za kufuata.

Na kuumwa titi si ajabu ya mtu mmoja. Takriban wanawake wawili kati ya watatu hupitia maumivu ya matiti wakati fulani maishani.

Hatua ya kwanza: chukua kalenda kabla ya kuchukua dawa

Swali la kwanza atakalokuuliza daktari anayejua kazi yake ni "yanaanza lini na yanaisha lini?", na wengi wetu tunajibu "kila siku" kwa sababu hatukuandika popote. Kwa hiyo tafuta daftari dogo au kalenda ya ukutani. Kila jioni andika namba kutoka 0 hadi 10: 0 hakuna maumivu, 10 huwezi hata kuvaa blauzi. Andika ni titi gani. Zungushia duara siku za hedhi. Fanya hivyo kwa miezi miwili. Simu nayo inafaa, lakini kalenda ya ukutani haiishiwi chaji.

Baada ya mizunguko miwili utaona picha mojawapo kati ya hizi.

Picha ya kwanza, ambayo ndiyo ya wengi: maumivu yanapanda wiki moja au mbili kabla ya hedhi, matiti yote mawili yanakuwa mazito, yamejaa, yanauma zaidi upande wa juu kuelekea kwapani, pengine hadi mkononi. Hedhi ikifika, yanashuka kama maji ya bahari yanayokupwa. Haya ni maumivu ya mzunguko. Chanzo chake ni homoni zinazopanda na kushuka baada ya yai kutoka. Tishu za titi huitikia homoni hizo, huvuta maji na kuvimba kidogo. Wanaopata sana ni wenye umri wa miaka 20 hadi 40 na kitu, na kwa kawaida huisha hedhi ikikoma.

Wakati huo huo titi likipapaswa linaweza kuonekana kama mfuko wa maharage: vipunje vipunje kila mahali, hasa karibu na kwapa. Hilo ni la kawaida. Kinachotakiwa kukushtua ni punje moja iliyo tofauti na wenzake, na ambayo hedhi ikipita haiondoki.

Picha ya pili: maumivu hayafuati kalenda. Yapo titi moja, mara nyingi sehemu moja ambayo unaweza kuionyesha kwa kidole, yanakuja na kuondoka yatakavyo au hayaondoki kabisa. Haya yana vyanzo vingi: kifuko cha maji ndani ya titi, jipu linaloanza, kugongwa, dawa, ukubwa wa matiti yenyewe unaovuta mishipi ya sidiria na mabega. Haya yanastahili kuonwa na mtaalamu hata kama si ya dharura.

Picha ya tatu: yanauma unapoinua mkono, unapogeuka kitandani, unapovuta pumzi. Hapo shaka ihamie kwenye kifua chenyewe.

Hatua ya pili: jua kama ni titi au ni kilicho chini ya titi

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Titi limekaa juu ya misuli, misuli juu ya mbavu, na vyote vikiuma mwenye mwili husema "ziwa linauma".

Lala ubavu, upande usiouma uwe chini, ili titi linalouma liangukie katikati ya kifua na mbavu zibaki wazi. Sasa bonyeza mbavu taratibu kwa ncha ya kidole, ukianzia chini ya kwapa kuja mbele. Kisha bonyeza pale mbavu zinapokutana na mfupa wa katikati ya kifua. Ukipata mahali panaporuka kwa maumivu yale yale unayoyalalamikia, basi kuna uwezekano mkubwa tatizo ni misuli au gegedu za mbavu, na titi halina kosa.

Jiulize kazi za wiki hiyo. Kutwanga kwa mchi, kuchota maji kisimani kwa kamba, kulima, kufua mablanketi kwa mikono, kumbeba mtoto mzito upande mmoja, kubeba ndoo. Hata kikohozi cha wiki mbili kinatosha kuumiza mbavu. (Na kikohozi cha wiki mbili chenyewe ni sababu ya kwenda kupima kifua kikuu, hata titi likipona.)

Kuna na mkanda wa jeshi. Unaanza kwa kuchoma upande mmoja tu wa kifua siku chache kabla ya vipele vya maji kutokea, na katika siku hizo mtu huapa kwamba ni ziwa. Ukiona malengelenge yamejipanga kama mshipi kutoka mgongoni kuja mbele, nenda kituoni mapema, maana dawa zake hufaa zaidi zikianza ndani ya siku 3.

Maumivu ya kubana katikati au kushoto mwa kifua, yakipanda shingoni, tayani au kushuka mkononi, na jasho la baridi au pumzi kukatika, si ya kuandika kwenye daftari. Tafuta usafiri uende hospitali hapo hapo. Vivyo hivyo kwa mama aliyejifungua karibuni ambaye kifua kinamchoma anapovuta pumzi, hasa kama mguu mmoja umevimba: huenda damu imeganda kwenye mguu na kipande chake kikaelekea kwenye mapafu.

Hatua ya tatu: pitia mambo matatu yanayosahauliwa

Mimba. Matiti kujaa na kuuma ni dalili ya mapema ya ujauzito, wakati mwingine kabla mtu hajagundua kwamba siku zake zimepita. Kipimo cha mkojo kinauzwa maduka mengi ya dawa. Pima kwanza, kwa sababu jibu lake linabadilisha dawa unazoruhusiwa kumeza.

Uzazi wa mpango. Vidonge, sindano na vijiti vyote hubeba homoni, na miezi mitatu ya mwanzo matiti huweza kuuma. Mara nyingi hutulia yenyewe. Usikimbilie kung'oa kijiti wiki ya pili. Yakizidi miezi mitatu bila nafuu, rudi kwa mtoa huduma mzungumze kubadili njia, na usiache njia moja kabla hujapata nyingine, la sivyo matiti yatauma kwa sababu ile ya kwanza niliyoitaja.

Sidiria na vinavyokaa ndani yake. Wanawake wa sokoni wanajua: sidiria ndiyo benki. Noti zilizokunjwa, funguo, simu. Simu haijathibitika kuleta saratani ya matiti, hilo lisikunyime usingizi. Lakini kitu kigumu kinachobonyeza sehemu moja kutwa nzima kinaumiza, na sidiria yenye waya iliyonunuliwa mtumbani bila kupimwa inakata nyama. Sidiria inayofaa hukaa sawa mgongoni bila kupanda juu, haiachi alama za kina mabegani, na matiti hayamwagiki pembeni. Kwa mwenye matiti makubwa, kubadili sidiria pekee huweza kuondoa sehemu kubwa ya maumivu, na ni dawa ambayo watu huidharau kwa kuwa haimo kwenye chupa.

Hatua ya nne: tazama, kisha papasa

Fanya hivi siku chache baada ya hedhi kuisha, matiti yakiwa yametulia. Aliyekoma hedhi achague tarehe yoyote ya mwezi. Si mtihani, na hakuna atakayekupa alama. Lengo ni uyajue matiti yako jinsi yalivyo, ili siku yakibadilika uwe wa kwanza kujua.

Simama mbele ya kioo bila nguo ya juu. Mikono ikiwa chini, tazama. Inua mikono juu ya kichwa, tazama. Shika kiuno ukikaza misuli ya kifua, tazama. Titi moja kuwa kubwa kidogo kuliko lingine tangu zamani si tatizo. Unatafuta kilicho kipya: ngozi iliyobonyea kama imevutwa kwa ndani, ngozi yenye vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyokuwa imetokeza sasa imeingia, wekundu au weusi uliozidi. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani wazi kama vitabu vingi vinavyoonyesha. Rangi huwa ya zambarau au kahawia nzito, au unahisi joto tu ukigusa kwa mgongo wa kiganja na kulinganisha na titi la pili.

Kisha lala chali, mkono wa upande unaopimwa ukiwa chini ya kichwa. Tumia sehemu laini za vidole vitatu vya kati vya mkono wa pili, si ncha zenye kucha. Zungusha miduara midogo, kwanza kwa wepesi, kisha kwa wastani, kisha kwa kukaza hadi usikie mbavu. Nenda juu chini, juu chini, kama mtu anayepanda mahindi kwa mstari bila kuruka shimo, kuanzia mtulinga, ule mfupa kati ya shingo na bega, hadi chini ya titi, kisha ingia kwapani. Kuoga ukiwa na povu la sabuni pia kunasaidia vidole kuteleza.

Chuchu usiikamue kutafuta maji. Ukiikamua kila siku utaifundisha kutoa. Kinachohesabika ni kile kinachotoka chenyewe na kuchafua nguo, hasa kikitoka titi moja, hasa kikiwa damu au maji mepesi kama ya kunywa.

Kama unanyonyesha, soma hapa kwa utulivu

Huyu ni mama wa aina yake, na hatua zake ni tofauti, ndiyo maana nampa nafasi kubwa.

Siku ya tatu au ya nne baada ya kujifungua, maziwa yanapoingia kwa nguvu, matiti hujaa hadi kuwa magumu kama nazi. Dawa yake ya kwanza ni mtoto mwenyewe. Mnyonyeshe kila anapotaka, mchana na usiku. Kama titi limekaza hata hawezi kulishika, kamua kidogo kwa mkono mpaka weusi unaozunguka chuchu ulainike, kisha mpe. Baada ya kunyonyesha weka kitambaa kilicholowekwa maji baridi kwa dakika kumi hadi ishirini. Bibi zetu wa pwani hukanda mzazi kwa maji ya moto, na mwili wenye uchovu hupenda, lakini titi lililovimba lisikandwe kwa maji ya kuunguza wala kusuguliwa kwa nguvu. Kusugua huongeza uvimbe na kujeruhi tishu ndani, na nimeona akina mama waliobabuka ngozi kwa taulo la moto.

Chuchu kuchanika karibu kila mara ni habari ya mkao. Mtoto anatakiwa ajaze mdomo kwa sehemu kubwa ya weusi, kidevu kikigusa titi, mdomo wa chini ukiwa umegeuka nje. Akinyonya ncha tu, atakutoa machozi na hatashiba. Mwombe nesi wa kliniki akae nawe mpaka mtoto ashike vizuri mbele ya macho yake. Ushauri wa mdomo tu hautoshi.

Sasa ikiwa sehemu ya titi imekuwa ngumu, ya moto, inauma, na mwili unatetemeka kwa homa kama ya malaria, hayo ni maambukizi ya ziwa. Hutokea zaidi katika wiki 6 za mwanzo. Mtaani utaambiwa mtoto amecheua ziwani, au kuna mtu ana jicho baya, au maziwa yamechachuka ndani na mtoto asipewe. Usimwachishe. Maziwa ya titi lenye maambukizi hayamdhuru mtoto, na kuacha ghafla ndiko kunakotengeneza jipu. Pumzika, kunywa maji, meza parasetamoli, mnyonyeshe kama kawaida. Kama baada ya saa 24 hujaona nafuu, au homa ni kali tangu mwanzo, nenda kituo cha afya siku hiyo. Utaandikiwa antibiotiki, kwa kawaida kwa siku 10 hadi 14, na zipo zinazoruhusiwa kwa anayenyonyesha. Nafuu ianze ndani ya siku 2. Isipoanza, rudi, usisubiri dozi iishe. Na usinunue vidonge vinne vinne dukani kwa kukisia.

Mahali panapobaki na uvimbe unaouma na kubonyea kama embe lililoiva sana, huenda ni jipu. Jipu la ziwa leo mara nyingi hunyonywa usaha kwa sindano, likisaidiwa na kipimo cha ultrasaundi, badala ya kupasuliwa. Mgonjwa anaweza kuhitaji kurudi mara mbili au tatu. Kuchanja chale nyumbani au kulitumbua kwa wembe ni kualika kidonda kisichofunga.

Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI aendelee na dawa zake bila kukosa hata siku moja, na aende kliniki mara tu chuchu inapochanika au titi linapopata maambukizi. Kwa muda huo amnyonyeshe mtoto titi lisilo na tatizo, na lile lenye tatizo alikamue na kuyamwaga maziwa hadi lipone, huku akifuata maelekezo ya mtoa huduma wake.

Wakati wa kumwachisha, punguza mnyonyesho mmoja kila baada ya siku chache. Ile njia ya kupaka shubiri kwenye chuchu asubuhi moja na mchezo ukaisha humwachia mtoto kilio na mama matiti yaliyokaza.

Hatua ya tano: nafuu ya nyumbani kwa maumivu ya mzunguko

Ukishatazama, ukapapasa, hukuona kitu, na kalenda inaonyesha picha ya kwanza, unaweza kujitibu.

Anza na sidiria inayoshikilia vizuri, hata usiku katika siku mbaya, lakini ile laini isiyo na waya. Kitambaa cha baridi au cha uvuguvugu, chochote mwili wako unachokipenda. Kwa maumivu yenyewe, parasetamoli vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, usizidishe vidonge 8 kwa siku. Ibuprofeni nayo husaidia, imezwe baada ya kula. Lakini mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, pumu inayochochewa na dawa za namna hiyo, au mjamzito, asiimeze bila kuuliza. Jeli ya diklofenaki inayopakwa kwenye viungo inaweza kupakwa kwenye titi pia, na ina ushahidi mzuri, ila asiitumie mjamzito, na anayenyonyesha asiipake titini.

Utasikia habari za kuacha kahawa, kupunguza chumvi, mafuta ya mbegu za ua fulani, vitamini E. Ushahidi wake ni hafifu. Kuacha kahawa hakukuumizi, jaribu ukipenda, lakini usitoe elfu thelathini kwa mtu wa virutubisho anayekuahidi kwamba kopo lake "linasafisha matiti". Titi halina taka za kusafishwa.

Kwa wachache ambao maumivu yanavuruga kazi na ndoa kila mwezi kwa nusu mwaka, zipo dawa kali zaidi zinazogusa homoni. Hizo ni za daktari bingwa, na zina madhara yake.

Jambo moja ambalo wengi hawaliamini mpaka liwatokee: mara nyingi maumivu hupungua baada tu ya mtu kupimwa na kuambiwa hakuna ugonjwa. Hofu nayo huuma.

Hatua ya sita: nani aende lini

Aende leo hii: anayenyonyesha mwenye titi jekundu na homa kali, mwenye jipu, mwenye kisukari ambaye titi limevimba na kuwa la moto, na mwenye dalili za moyo au pumzi nilizotaja juu.

Aende ndani ya wiki moja, mbili zikizidi sana, mwenye chochote kati ya hivi, kinauma au hakiumi: uvimbe mpya kwenye titi au kwapani, hasa mgumu na usiosogea, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani hivi karibuni, damu au maji yanayotoka yenyewe kwenye chuchu moja, kidonda au kitu kama ukurutu kwenye chuchu ambacho mafuta hayakiponyi. Umri usikudanganye. Binti wa miaka 20 mwenye gololi inayoteleza chini ya vidole kwa kawaida ana uvimbe usio saratani, lakini anayepaswa kusema hivyo ni aliyempima. Katika Afrika wanawake wengi hugundulika na saratani ya matiti kabla ya kufika miaka 50, kwa hiyo "mimi bado mdogo" si kinga.

Kwenye kundi hili namweka pia mwanamke ambaye titi limevimba lote, jekundu na la moto, na hanyonyeshi. Akipewa antibiotiki na wiki mbili zikapita bila kupona, aombe kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha titi kikapimwe maabara. Kuna aina ya saratani inayojifanya maambukizi na kukua kwa wiki chache tu. Na kwetu kuna jambo la pili: kifua kikuu huweza kukaa kwenye titi, kikatoa usaha usiokauka hata baada ya kukamuliwa mara kadhaa. Kinatibika, mradi mtu amekifikiria.

Aende katika mwezi huu, bila haraka wala uzembe: mwenye maumivu ya sehemu moja yasiyoondoka baada ya hedhi mbili, aliyekoma hedhi na sasa titi moja limeanza kuuma, na yule ambaye mama, dada au binti yake aliugua saratani ya matiti, hasa kabla ya miaka 50.

Wengine wote wana daftari, sidiria na parasetamoli.

Hatua ya saba: siku ya hospitali

Anzia zahanati au kituo cha karibu kama bima yako inataka rufaa, lakini usikubali kuzungushwa pale kwa miezi. Vaa blauzi au gauni linalofunguka mbele. Usipake poda wala dawa ya kwapa siku hiyo, kwa sababu chembe zake huweza kuonekana kwenye mamografia, yaani eksirei ya matiti, kama kitu kingine. Beba kalenda yako, majina ya dawa unazotumia, na majibu ya vipimo vya zamani hata kama karatasi zimechakaa. Una haki ya kuomba nesi wa kike au ndugu yako awepo chumbani.

Daktari atauliza, atatazama, atapapasa matiti yote mawili na kwapa zote. Ukiona umeandikiwa dawa ya uvimbe bila mtu kukugusa, sema kwa adabu: "Naomba unipime, daktari."

Aliye chini ya miaka 30 kwa kawaida huanza na ultrasaundi, kwa sababu titi changa lina tishu nzito na picha ya mamografia hutoka nyeupe tupu, kitu cheupe hakionekani ndani yake. Aliyefika miaka 40 hufanyiwa mamografia, mara nyingi pamoja na ultrasaundi. Mamografia hulibana titi kati ya sahani mbili kwa sekunde chache. Inauma kidogo, kwa hiyo ipange wiki inayofuata hedhi.

Kifuko cha maji kikionekana na kinauma, hunyonywa kwa sindano, na nafuu huja ukiwa bado umelala pale mezani. Uvimbe wenye shaka huchukuliwa kinyama kwa sindano nene baada ya ganzi. Hapa ndipo wengi hukimbia, kwa sababu wamesikia kwamba uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa. Si kweli. Kinyama hakisambazi saratani, na bila hicho hakuna daktari anayeweza kujua ampe mgonjwa dawa gani. Wanaoogopa sindano ndio wanaorudi na kidonda.

Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti wa mwaka 2021, lilitaka mwanamke apate jibu kamili ndani ya siku 60 tangu alipofika kituoni mara ya kwanza. Mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani waligunduliwa na ugonjwa huu na wapatao 670,000 walikufa, na kusini mwa Sahara wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwenda mbali. Kwa hiyo tumia hizo siku 60 kama kipimo chako. Andika tarehe ya kwanza kwenye kalenda ile ile ya maumivu. Kinyama kikichukuliwa, usitoke mlangoni kabla ya kuuliza mambo matatu: kinapelekwa maabara gani, majibu yanatoka tarehe ngapi, na nimpigie nani mkikaa kimya. Andika na namba ya sampuli.

Mwenzetu wa punje ya kunde alifanya hivyo. Alipewa rufaa ya hospitali ya kanda, tukachanga nauli kutoka mfuko wa jamii wa kikoba, na yule wa viazi ndiye aliyemsindikiza.